Duara Lililogeuka Yai: Kuhifadhi Masomo ya Kanda katika Diski za Kisasa

Utangulizi

Katika chuo chetu limo kabati moja la mninga lenye masomo mia moja hivi yaliyorekodiwa katika kanda za video. Ni kanda za VHS, kazi ya wakufunzi waliotutangulia katika miaka ya 1990. Ndani yake yamo masomo ya mfano yaliyofundishwa na walimu hodari wa shule za msingi za jirani, pamoja na masomo ya majaribio ya wanachuo wa siku zile. Twaamini kwamba makabati ya namna hiyo yamo katika vyuo vingine pia.

Kanda hizi zinazeeka. Utepe wake unanata, rangi zinafifia, na deki za kuzichezea hazitengenezwi tena. Kampuni ya mwisho iliyokuwa ikizitengeneza, Funai ya Japani, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Kwa hiyo si jambo la kubishaniwa kwamba masomo haya yapaswa kuhamishwa. Linalobishaniwa ni namna ya kuyahamisha, na hilo ndilo shabaha ya makala haya.

Rai yetu ni moja. Somo lililorekodiwa kwa kiwango cha kawaida cha picha, linapohamishiwa katika diski iliyoundwa kwa ajili ya picha za kiwango cha juu, yaani diski ya Blu-ray, lihamishwe kwa vipimo vyake lenyewe. Lisivutwe, lisipunguzwe, wala lisikuzwe. Baadhi ya wanachuo watauliza: jambo hili la mafundi lamhusu nini mwalimu wa shule ya msingi? Latuhusu sana, kama tutakavyoonyesha, kwa sababu kilichomo katika kanda hizi ni kazi ya mwalimu, na sisi huitumia kazi hiyo kumpima na kumfunza mwalimu mwingine.

Tukio lililotufundisha

Miaka michache iliyopita tulipeleka kanda tisa katika duka moja la mjini. Tuliomba zihamishiwe katika diski za Blu-ray, tena tukasisitiza kwamba tunataka kiwango cha juu. Tulirudishiwa diski tatu zenye majalada ya kupendeza, tukalipa, tukaondoka tumeridhika.

Somo la kwanza tulilowaonyesha wanachuo wa mwaka wa kwanza lilikuwa la Hisabati, Darasa la Tano. Mwalimu alikuwa akifundisha kuchora duara ubaoni kwa kutumia uzi na chaki. Tulikuwa tumemwalika mwalimu huyo mwenyewe, ambaye sasa amestaafu, naye alikuwa ameketi benchi la nyuma. Picha ilipotokea, tuliona mwalimu akishika uzi kwa kidole gumba katikati ya ubao, akazungusha chaki kwa utulivu, kisha akasogea pembeni ili wanafunzi waone. Ubaoni palikuwa na umbo pana lililolala, mfano wa yai.

Mwanachuo mmoja akasema kwamba mwalimu hajui kukaza uzi. Darasa likacheka. Twaungama kwamba nasi, badala ya kuchunguza, tulianza kueleza jinsi uzi unavyoweza kulegea mkono unapofika upande wa kulia na wa kushoto. Tulikuwa tumekwisha kupata sababu ya kosa ambalo halikutendeka.

Mama yule akainuka. "Wanangu," alisema, "uzi ule niliukaza. Nipeni chaki." Akaja mbele, akaomba uzi, akachora. Duara lake lilikuwa duara. Baada ya kipindi tuliitafuta kanda ya asili, tukaiweka katika deki kuukuu ya chuo, nasi tukaliona duara lile likiwa kamili ubaoni, kama alivyolichora miaka ile. Aliyekosea hakuwa mwalimu. Picha ilikuwa imevutwa kwa upana ili ijaze kioo cha runinga ya kisasa.

Tangu siku hiyo tulijifunza mambo ya usimbaji wa picha kwa lazima, nasi twapenda kuwashirikisha wanachuo yale tuliyoyapata.

Picha ya kanda ni kitu gani

Runinga ya kwetu ilifuata utaratibu uitwao PAL. Ndio uliotumika Zanzibar tangu runinga ya rangi ilipoanza huko mwaka 1973, na ndio uliotumika Tanzania Bara tangu vituo vyake vilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994. Katika utaratibu huo picha ina mistari 625, na katika hiyo, mistari 576 ndiyo yenye picha yenyewe. Kila sekunde hupita picha 25.

Lakini picha hizo 25 hazichukuliwi kwa mkupuo. Kila picha imegawanyika katika nusu mbili. Nusu moja ina mistari ya namba witiri, yaani wa 1, wa 3, wa 5 na kuendelea. Nusu ya pili ina mistari ya namba shufwa, yaani wa 2, wa 4, wa 6 na kuendelea. Nusu hizi hazikunaswa kwa wakati mmoja. Ya pili hunaswa sehemu moja ya hamsini ya sekunde baada ya ile ya kwanza. Kwa hiyo kwa kila sekunde kamera imeutazama mkono wa mwalimu mara 50, na si mara 25. Jambo hili tulishike vizuri, maana tutalirudia.

Kompyuta inapoipokea picha hiyo huigawa katika vidoa vidogo viitwavyo pikseli. Kwa kipimo kilichokubaliwa, kila mstari hugawanywa katika pikseli 720. Basi picha nzima ina pikseli 720 kwa 576, yaani 414,720. Msomaji makini ataona jambo la ajabu hapa: uwiano wa 720 kwa 576 ni sawa na 5 kwa 4, ilhali runinga za zamani zilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3. Hakuna kosa. Pikseli za picha hii si mraba. Kila moja yatakiwa kuonyeshwa ikiwa imepanuka kidogo. Kwa ajili hiyo faili ya picha hubeba alama inayoiambia runinga: nionyeshe kwa uwiano wa 4 kwa 3. Alama hii ni ndogo sana, lakini ndiyo inayolinda duara lisigeuke yai.

Diski yenyewe

Diski ya Blu-ray iliingia sokoni mwaka 2006. Kwa umbo ni sawa na DVD, sentimita 12 kutoka ukingo hadi ukingo. Tofauti yao imo katika mwanga unaosoma. DVD husomwa kwa leza nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650. Blu-ray husomwa kwa leza ya buluu iliyokaribia zambarau, ya nanomita 405. Wimbi fupi huweza kusoma alama ndogo zaidi, kama vile kalamu yenye ncha nyembamba iwezavyo kuandika maneno mengi katika ukurasa mmoja. Kwa hiyo DVD ya tabaka moja huchukua gigabaiti 4.7, na Blu-ray ya tabaka moja huchukua gigabaiti 25. Ile ya matabaka mawili huchukua gigabaiti 50.

Jina la kiwango cha juu lisitudanganye. Diski hii iliundwa kwa ajili ya picha kubwa za pikseli 1920 kwa 1080, lakini walioiunda hawakuisahau picha ya zamani. Kanuni zake zinakubali waziwazi picha ya pikseli 720 kwa 576, yenye nusu-picha 50 kwa sekunde, tena yenye uwiano wa 4 kwa 3. Wala si lazima kutumia njia moja ya usimbaji. Inakubali MPEG-2, ambayo ndiyo njia ya DVD, na inakubali H.264, iliyotolewa mwaka 2003, ambayo kwa kawaida hutoa picha ya ubora ule ule kwa nafasi ndogo zaidi.

Neno usimbaji lahitaji maelezo. Tukiihifadhi picha bila kuibana hata kidogo, tukatumia baiti 2 kwa kila pikseli, tutapata hesabu hii: 414,720 mara 25 mara 2, yaani baiti 20,736,000 kwa sekunde. Somo moja la dakika 40 lina sekunde 2,400. Litahitaji karibu gigabaiti 50, yaani diski nzima ya matabaka mawili kwa somo moja! Hakuna chuo kiwezacho gharama hiyo.

Msimbaji hufanya kile afanyacho mwalimu mwenye busara anapoandika muhtasari ubaoni: hairudii kauli iliyokwisha kusemwa. Ikiwa ukuta wa darasa haukubadilika tangu picha iliyotangulia, hausimuliwi upya. Ikiwa mkono wa mwalimu umesogea kulia, husemwa tu kwamba kipande kile kimesogea kulia. Kwa njia hiyo somo letu laweza kuhifadhiwa vizuri kwa megabiti 6 hivi kwa sekunde, sauti ikiwa ndani yake. Kwa dakika 40 hiyo ni gigabaiti 1.8. DVD moja ingechukua masomo 2 tu ya namna hiyo. Blu-ray moja ya gigabaiti 25 huchukua masomo 13. Masomo yetu mia moja yangeenea katika diski 8.

Tuongeze onyo moja. Kanda kuukuu ina chenga, na chenga ni adui wa msimbaji, maana hubadilika katika kila picha. Msimbaji hajui kwamba chenga si sehemu ya somo, basi hupoteza biti zake kuzisimulia. Kwa sababu hiyo si vema kubana mno kwa tamaa ya kujaza masomo 30 katika diski moja. Nafasi ya Blu-ray ni neema kwa kanda mbovu, tuitumie.

Makosa matatu

Kosa la kwanza ni lile la duara. Runinga za siku hizi zina uwiano wa 16 kwa 9. Picha ya 4 kwa 3 ikivutwa ijaze kioo hicho, kila kitu hupanuka kwa theluthi moja. Mraba huwa mstatili, duara huwa yai, na mtoto mwembamba huonekana ameshiba. Katika masomo mengine kosa hili huudhi macho tu. Katika Hisabati huharibu somo lenyewe. Tiba yake ni kuacha mbavu mbili nyeusi, kushoto na kulia kwa picha. Mbavu hizo hazina aibu yoyote.

Kosa la pili halionekani upesi. Fundi huziona nusu-picha, akaona zinaleta meno meno kando ya kitu kinachotembea kompyuta inapozionyesha pamoja, akaamua kuitupa moja katika kila jozi. Meno hutoweka. Lakini pamoja nayo hutoweka nusu ya mistari yote na nusu ya nyakati zote. Katika diski zetu tatu lilikuwamo somo la mwandiko la Darasa la Kwanza, ambamo mwalimu alikuwa akionyesha mkono unavyoanzia na unavyokwenda katika kuandika herufi. Mstari mwembamba wa chaki ulikuwa umekatikakatika, na mkono ulirukaruka. Somo la mwandiko ni somo la mwendo wa mkono; ukiutoa mwendo, kimebaki nini?

Ndugu wa kosa hili ni kupanga nusu-picha kinyume, ile ya baadaye ikatangulia ile ya kwanza. Hapo mkono huenda mbele, ukarudi nyuma, ukaenda mbele tena, kana kwamba mwalimu ana homa. Ipi itangulie hutegemea chombo kilichoinasa picha; kanda za DV, kwa mfano, huanza na mistari shufwa, na vyombo vingine vingi huanza na witiri. Njia ya kujua ni kujaribu kwa kipande kifupi chenye mtu anayetembea, kukitazama katika runinga, kisha kuendelea. Dakika tano za majaribio huokoa siku tatu za kazi.

Kosa la tatu ndilo linalopendwa na wengi, nalo ni kukuza. Hebu tupige hesabu. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Tukigawa kwa 414,720 tunapata 5 kamili. Maana yake ni kwamba katika kila pikseli 5 za picha iliyokuzwa ikajaza kioo, kamera ilileta habari za pikseli 1 tu. Zilizobaki zimebuniwa na kompyuta kwa kukisia baina ya jirani na jirani. Tena hata ile moja tunaihesabu kwa ukarimu, maana undani wa kanda ya VHS ni mdogo kuliko uwezo wa pikseli 720.

Na makisio hayo yana gharama. Picha iliyokuzwa ikipewa megabiti 6 zile zile, vigae hujitokeza usoni na ubaoni, kwa kuwa biti chache zimetandazwa mahali papana. Ikipewa megabiti 25, somo la dakika 40 hula gigabaiti 7.5, na diski huchukua masomo 3 badala ya 13. Hivyo ndivyo kanda zetu tisa zilivyokula diski tatu. Masomo yote mia moja yangetaka diski 34 ambapo 8 zingetosha. Tungelipa mara nne na zaidi ili tuhifadhi vitu ambavyo havikuwamo darasani.

Pingamizi na majibu

Wako watakaosema: picha ndogo ikionyeshwa katika runinga kubwa haipendezi, si afadhali kuikuza? Jibu letu ni kwamba itakuzwa hata hivyo. Chombo cha kuchezea diski, au runinga yenyewe, huikuza picha papo hapo ili itoshe kioo. Tofauti ni kwamba kukuza huko hakuandikwi katika diski. Chombo kikizimwa, picha ya asili imebaki salama, na chombo bora cha kesho kitaikuza vizuri zaidi. Lakini fundi akikuza kabla ya kusimba, makisio yake yamechanganyika na ukweli, wala hatuwezi tena kuyatenganisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wengine watasema kwamba kompyuta za leo zimefunzwa kwa mamilioni ya picha, na zaweza kuongeza undani uliokosekana. Hatukatai kwamba matokeo yake hupendeza macho. Lakini undani huo watoka katika picha nyingine, haukutoka katika darasa lile. Herufi isiyosomeka ubaoni yaweza kugeuzwa herufi nyingine iliyo wazi kabisa, nasi tukamlaumu mwalimu kwa tahajia ambayo hakuiandika. Kwa sinema ya kustarehesha jambo hilo laweza kuvumiliwa. Kwa somo tunalolitumia kumtathmini mtu, la hasha.

Wako pia watakaouliza kwa nini tuhangaike na diski ilhali kuna simu na vijiti vya kumbukumbu. Swali hili lina haki yake. Sony iliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia mwezi Februari 2025, na ijapokuwa diski za watengenezaji wengine bado zinauzwa, hatuwezi kuahidi kwamba zitauzwa daima. Hata hivyo kijiti cha kumbukumbu hupita mikononi mwa watu wengi, hufutwa kwa bahati mbaya, hupotea mfukoni, hushikwa na virusi. Diski ya kuandikwa mara moja haifutiki kwa kubonyeza kitufe. Twashauri njia zote mbili: faili katika kompyuta ya chuo, na nakala katika diski. Kanda ya asili nayo isitupwe. Bila kanda ile, hadi leo tungekuwa tunawafundisha wanachuo kwamba mama yule hakuukaza uzi wake.

Mwisho, kuna chuo ambacho kilikwisha kuhamisha masomo yake katika DVD. Kisiyasimbe upya. Picha ya MPEG-2 ya pikseli 720 kwa 576 iliyomo katika DVD inakubalika katika Blu-ray kama ilivyo. Yatosha kuipanga upya katika diski mpya. Kila usimbaji mpya hupoteza kitu, kama vile nukuu zinavyoharibika zinaponakiliwa kutoka kwa rafiki aliyenakili kwa rafiki.

Kulipeleka jambo hili darasani

Mwanachuo asidhani kwamba elimu hii itamfaa mlinzi wa kabati peke yake. Yaweza kufundishwa katika Darasa la Sita bila kompyuta wala umeme. Tumeijaribu katika mazoezi ya kufundisha kwa zana zifuatazo: mahindi, maharage, na makaratasi yenye miraba 8 kwa 8.

Hatua ya kwanza: kikundi cha kwanza kipange picha ya duara dogo katika miraba 64, mahindi yakiwa weupe na maharage yakiwa weusi. Kikundi cha pili kiketi nyuma ya pazia na karatasi tupu.

Hatua ya pili: msemaji wa kikundi cha kwanza aisimulie picha mstari kwa mstari. Mwanzoni atataja punje moja moja: hindi, hindi, haragwe. Mwalimu aulize: je, hakuna njia fupi? Hawatakawia kugundua kwamba mstari mzima wa mahindi husemwa kwa maneno mawili, "mahindi nane". Hapo wamebuni usimbaji wao wenyewe, nasi tusiwanyime furaha hiyo kwa kuwatangulia.

Hatua ya tatu: picha isogezwe mraba mmoja kulia, kisha waulizwe waisimulieje. Mwanafunzi mmoja atasema, "Ni ile ile, imesogea." Kauli hiyo ndiyo siri ya msimbaji wa picha zinazotembea.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo kiini: wapewe karatasi ya miraba 16 kwa 16, waikuze picha yao. Kila punje itageuka punje nne, na miraba 64 itakuwa 256. Wakimaliza waulizwe: je, duara limekuwa laini zaidi? Watatazama na kuona kwamba ngazi za pembeni ni zile zile, ila zimekuwa kubwa. Watakuwa wametumia punje nyingi bila kupata habari mpya. Mmoja akitaka kulainisha pembe kwa kuongeza haragwe hapa na pale, mwalimu asimkataze. Amuulize tu: "Umejuaje kwamba lilikuwapo?"

Swali hilo tulilisikia likiulizwa na mwanachuo wetu mmoja katika shule ya kijijini, na mtoto akajibu, "Nimedhani tu, Mwalimu." Hatujapata jibu bora zaidi ya hilo kuhusu ukuzaji wa picha.

Hitimisho

Tumesema kwamba diski ya kiwango cha juu ni chombo kizuri cha kuhifadhia somo la kiwango cha kawaida, kwa sababu ya nafasi yake, na si kwa sababu ya ukubwa wa picha zake. Tumesema kwamba kanuni za diski hiyo zinairuhusu picha ya zamani iingie kama ilivyo. Kwa hiyo mwanachuo atakayepewa kazi ya kuhamisha kanda za shule au za chuo, au atakayesimama mbele ya fundi wa mjini, amwombe mambo haya bila woga: pikseli 720 kwa 576, nusu-picha zote 50, kwa mpangilio wake, uwiano wa 4 kwa 3, megabiti 6 kwa sekunde au zaidi kidogo, na kanda irudishwe. Kisha, kabla ya kulipa, atafute katika diski mahali penye duara, atazame.

Nasi tulizirudia kanda zile tisa. Zikaingia zote katika diski moja, na nafasi ya masomo manne ikabaki. Tulimwita tena mama yule, tukawakusanya wanachuo wale wale, tukaonyesha somo lake tangu mwanzo hadi mwisho. Picha ilikuwa ndogo kidogo, yenye mbavu nyeusi na chenga za hapa na pale. Alipozungusha chaki hakuna aliyecheka. Mwanachuo aliyekuwa amemlaumu aliinua mkono, akaomba radhi, kisha akauliza alivyokuwa akiukaza uzi bila kumzuia mtoto wa nyuma kuona ubao. Swali hilo ndilo lililopasa kuulizwa tangu siku ya kwanza, na kipindi kilichobaki kilitumika kulijibu.